Shajara ya paa: mizinga miwili juu ya ghorofa, na swali la mzinga wa tatu

Kabla ya nyuki

Naanza kuandika kabla hata nyuki mmoja hajapanda huku juu, maana wengi wanaosimulia habari za kufuga nyuki mjini wanaanzia kwenye asali, na asali ndo ya mwisho kabisa kwenye hii kazi. Mpango ni mizinga miwili ya Langstroth (masanduku yanayopangwa juu kwa juu, ndani yana fremu za kutoa ambazo nyuki wanajengea masega) juu ya paa bapa la jengo ninaloishi, mwenye jengo kakubali kwa maandishi, sheria za jiji nshazisoma. Hilo la sheria usiliruke aisee, kila jiji lina yake, New York kwa mfano kufuga nyuki wa asali kulikuwa marufuku mpaka 2010 ndo wakaruhusu, na mizinga lazima iandikishwe idara ya afya.

Kwa nini miwili na sio mmoja: ukiwa na mmoja huna cha kulinganishia, ukiona wanaleta chavua kidogo hujui kama malkia kadhoofika au ni maua tu yamekwisha. Ukiwa na miwili unajua. Halafu mzinga ukipoteza malkia unachukua fremu moja yenye mayai kutoka kwa mwenzake unawapa, wanajilelea malkia mpya wenyewe. Sasa kwa nini miwili na sio kumi, hilo ndo swali nataka hii shajara inisaidie kulijibu, maana mwenye jengo tangu tulipoanza kuongea anasema paa ni kubwa, jaza.

Uzito

Hapa nimekaa muda mrefu na sijutii hata kidogo. Sanduku la chini, lile la majana (mayai na watoto wa nyuki), lenye fremu 10, likijaa linakaribia kilo 40. Juu yake yanakaa masanduku ya asali, kila moja likijaa ni kati ya kilo 20 na 30 kutegemea kina chake. Asali ni nzito kuliko watu wanavyodhani, lita moja ni kama kilo 1.4. Kwahiyo mzinga wenye masanduku matatu ya asali msimu mzuri unapita kilo 100, na mzigo wote huo umekaa kwenye eneo lisilofika hata robo mita ya mraba, tena kwa miguu minne ya stendi, halafu juu yake kuna wewe na mwenzako mmesimama pembeni mnainua masanduku.

Nikamwita injinia aangalie ramani za jengo. Akasema katikati ya zege hapana, tukae juu ya ukuta unaobeba, akanionyesha ulipopita, na chini ya stendi tuweke mbao pana za kusambaza uzito, chini ya mbao mpira mzito ili miguu isitoboe lile tabaka la kuzuia maji. Paa likivuja kwa sababu ya mizinga yako mradi umekufa siku hiyo hiyo, hata nyuki wawe wapole namna gani.

Kingine ambacho sijaona watu wakikitaja sana ni njia ya kushukia. Kama paa lako linafikiwa kwa ngazi ya kuegemeza ukutani tu, fikiria vizuri utashushaje sanduku la kilo 25 lenye nyuki wawili watatu waliojificha ndani huku umevaa kofia ya wavu na glavu. Sisi tuna ngazi za kawaida na mlango, bila hivyo nisingeanza.

Upepo, joto, na ukingo

Upepo wa juu ni mwingine kabisa. Mizinga tumeifunga kwa mikanda ya kufungia mizigo, mkanda unapita juu ya mfuniko mpaka kwenye stendi, na upande upepo unakotoka tumeweka uzio wa mbao wenye mianya. Uzio uliozibwa kabisa unafanya upepo ujizungushe na kupiga kwa nyuma, wenye mianya unaupunguza tu nguvu.

Joto ndo liliniogopesha zaidi. Paa jeusi kwenye jua kali linaweza kupita nyuzi 60, wakati majana yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 34 mpaka 36 muda wote. Nta yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, na kabla ya hapo inakuwa laini, sega lililojaa asali linainama na kukatika. Ndo maana stendi yetu imeinuka kama nusu mita kutoka kwenye paa, mizinga imepakwa rangi nyeupe na mfuniko una nafasi ya hewa kupita. Kuna mfano naupenda sana kwenye hili, moto wa Notre-Dame kule Paris tarehe 15 Aprili 2019. Kulikuwa na mizinga mitatu, ila sio kwenye lile paa lililoungua, ilikuwa juu ya paa la jengo dogo la pembeni, kama mita 30 chini yake. Joto halikufika kuyeyusha nta, nyuki wakapona wote. Paris watu walishazoea nyuki wa juu, jumba la opera la Garnier lina mizinga tangu miaka ya 1980, alianza Jean Paucton, mtunza vifaa vya jukwaani, alitaka kuwapeleka nyuki wake shamba akawapandisha paani kwa muda tu, wakafanya vizuri sana.

Ukingo: mizinga iko mbali na ukingo wa paa, milango inaangalia nje, mimi nasimama nyuma. Nyuki akiingia ndani ya wavu wa kofia mwili unataka kukimbia wenyewe, chini unakimbia yanaisha, huku juu hapana. Kwahiyo mpaka ukingoni kuna hatua za kutosha na katikati kuna kamba imefungwa kwa urefu wa kiuno cha mtu, ukiigusa unasimama.

Maji na majirani

Maji yaliwekwa kabla ya nyuki. Nyuki akishazoea chanzo cha maji ni kazi kubwa kumbadilisha, na siku za joto wanabeba maji mengi sana, wanayapaka juu ya masega alafu wanapepea kwa mabawa ili yapoze mzinga. Usipowapa watajitafutia, kwenye bwawa la kuogelea la mtu, kwenye matone ya kiyoyozi cha mtu, na hapo ndo malalamiko yanaanza. Tumeweka beseni pana lenye mawe na vipande vya vizibo wasimame wasizame, na siliachi likauke hata mara moja, maana wakikuta pakavu wanahama na hawarudi kirahisi.

Majirani niliwapitia mlango kwa mlango. Nilichotaka kujua kwanza ni kama kuna mwenye mzio wa sumu ya nyuki. Yupo mmoja, tukakaa tukaongea, dawa yake ya dharura anayo, dirisha lake liko upande ambao nyuki hawapiti, na tumekubaliana siku ya kufungua mizinga namjulisha mapema. Bibi wa ghorofa ya chini yetu akaniuliza, "Mwanangu, hawa hawatanifuata mpaka jikoni?" Nikamwambia bibi, nyuki akitoka huku anapanda juu na kwenda mbali kwenye maua, jikoni kwako hana anachotafuta labda uache asali wazi. Akacheka akasema basi asali ataifunika.

Mlinzi naye anaambiwa kila nikitaka kuwasha moshi. Moshi juu ya paa la ghorofa mtu akiuona kutoka barabarani anaita zimamoto, ana haki. Na lile bomba la kuwafukizia nyuki moshi silitui kwenye paa kamwe, linakaa ndani ya ndoo ya bati. Moshi wenyewe kazi yake ni mbili, unafunika ile harufu ya hatari ambayo nyuki akidunga anaiachia (inanukia kama ndizi mbivu, ukiisikia funga mzinga uondoke taratibu), na unawafanya wakimbilie kujaza asali tumboni.

Nyuki wamepanda

Tumewapandisha alfajiri kabla hawajaanza kutoka, milango imezibwa kwa wavu, mikanda imekaza, watu wawili kila mzinga na hakuna mtu mwingine kwenye ngazi. Tumeitua, tukasubiri watulie, tukatoa wavu. Jamani. Kile kitendo cha wao kutoka wa kwanza wa kwanza, wanageuka kuangalia mzinga, wanapanda kwa duara ndogo alafu kubwa alafu kubwa zaidi wakikariri mahali walipo, nimekaa pale mpaka jua likanizidi.

Wakishakariri mzinga hausogezwi ovyo. Usogeze mita chache tu na wanarudi pale pale pa zamani wanazunguka hewani hawana nyumba.

Ukaguzi wa kwanza

Simtafuti malkia, natafuta mayai. Ukiona yai limesimama chini ya seli (kijitundu cha sega), jeupe, dogo kuliko punje yoyote unayoijua, maana yake malkia alikuwepo ndani ya siku 3 zilizopita na hiyo inatosha. Huko juu jua ni kali kwahiyo nampa jua mgongo, linapita juu ya bega linaingia mpaka chini ya seli na mayai yanaonekana vizuri. Mizinga yote ina mayai, majana ya kila umri, na yaliyofunikwa yamekaa kwa mpangilio mzuri bila matundu mengi. Nyuki kibarua anachukua siku 21 tangu yai mpaka atoke kwenye seli, dume 24, malkia 16. Hizi namba tatu zishike kichwani, nyingi za kazi za mfugaji zinatoka humo.

Chavua ya njano, ya rangi ya machungwa, na kijivu kidogo. Tunaenda vizuri.

Msimu wa kugawanyika

Hapa ndo pa kukaza. Kundi likishajaa, na maua yamefungua, nyuki wanalea malkia wapya, alafu malkia wa zamani anaondoka na nusu ya nyuki au zaidi kwenda kutafuta makazi. Kijijini wanatua kwenye mti na hakuna anayejua. Mjini wanatua popote, Agosti 2018 kundi zima lilitua juu ya mwavuli wa kibanda cha hotdogi Times Square, barabara ikafungwa, akaja polisi mfugaji nyuki akawavuta na mashine. Nyuki waliogawanyika mara nyingi ni wapole maana wamejaza asali na hawana majana ya kulinda, lakini mama aliyebeba mtoto akiona wingu la nyuki elfu kadhaa huwezi kumwelezea hayo. Na kingine, wakiingia kwenye dari la mtu wanajenga humo, kuwatoa ni kuvunja.

Kwahiyo kipindi hiki nafungua kila baada ya siku 7. Sababu ya 7: seli ya malkia inafunikwa kama siku ya 8 tangu yai lilipotagwa, na kundi kwa kawaida linaondoka karibu na kufunikwa huko. Ukikagua kila baada ya siku 7 na ukaangalia kila fremu, hasa kingo za chini ambako seli za malkia zinaning'inia, huwezi kupitwa. Unakung'uta nyuki kwenye fremu kidogo ili uone, maana seli moja inaweza kufichwa na nyuki waliojikusanya juu yake.

Mzinga wa kushoto nimezikuta, seli kadhaa ndani zina mabuu yanayoogelea kwenye maziwa ya nyuki, bado hazijafunikwa. Nikamtafuta malkia wa zamani, hapo sasa lazima umtafute, nikamhamisha yeye na fremu chache za majana, asali na nyuki wa kutosha kwenye sanduku dogo la fremu tano. Yeye anaona kashahama. Waliobaki nikawaachia seli mbili nzuri, nyingine nikaziondoa, kwa sababu ukiacha nyingi malkia wa kwanza kutoka anaweza kuondoka na kundi jingine na wa pili naye vile vile. Alafu nikaufunga na kuuacha kabisa. Malkia mpya anahitaji kutoka, kukomaa, kuruka kwenda kupandwa na madume hewani, kwa kawaida kati ya 10 na 20, kurudi, kuanza kutaga. Ukifungua fungua katikati ya hapo unamvuruga, na akitoka kuruka akakuta mzinga uko wazi na harufu imebadilika anaweza kupotea.

Lile sanduku dogo limekwenda kwa mfugaji mwenzangu nje kabisa ya jiji. Lingebaki hapa tungekuwa na mizinga mitatu.

Utitiri

Fupi. Utitiri wa varoa, vidudu vidogo vinavyoganda kwenye nyuki, ndo adui mkuu wa nyuki wa asali karibu dunia nzima, na mjini mizinga ikisongamana unahama haraka kutoka kundi moja kwenda jingine. Nachukua nusu kikombe cha nyuki kutoka fremu ya majana, ni kama nyuki 300, baada ya kuhakikisha malkia hayumo, nawatia sukari ya unga, natikisa kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, utitiri unadondoka nauhesabu, nyuki wanarudi wazima wanajilamba. Kipimo ninachofuata ni utitiri 3 kwa nyuki 100. Mizinga yote iko chini ya hapo, sijatibu. Ikifika siku ya kutibu paa lina masharti yake, asidi ya fomiki kwa mfano inafanya kazi kwa kuvukiza na joto likipita nyuzi 30 linaweza kuua malkia, kwahiyo sio dawa ya msimu wa jua kali huku juu.

Malkia mpya wa kushoto anataga. Nimefurahi mpaka nikamwambia bibi.

Nyuki wananionyesha ramani

Hii ndo sehemu iliyonibadilisha kabisa namna ninavyoliona hili paa. Nyuki anayerudi na chakula kizuri anacheza juu ya sega, anatembea mstari mfupi akitikisa tumbo, anazunguka, anarudia. Karl von Frisch ndo alifumbua hiyo lugha, akashiriki Nobel mwaka 1973. Akitikisa kwenda juu wima maana yake elekea upande wa jua, akiegemea nyuzi 40 kulia mwa wima maana yake nyuzi 40 kulia mwa jua. Na muda wa kutikisa ndo umbali, sekunde moja ni karibu kilomita moja.

Nikawa natoa fremu polepole bila moshi mwingi, wanaendelea kucheza kana kwamba sipo, nina saa na karatasi. Wakati miti ya barabarani imechanua ngoma zilikuwa fupi fupi, nusu sekunde, wanazunguka jirani tu. Maua yalipokwisha ngoma zikarefuka. Sekunde moja na nusu, mbili, wengine karibu tatu. Yaani nyuki anakwenda kilomita mbili au tatu kutafuta mbochi (maji matamu ya maua) na kurudi, na sehemu ya ule mbochi inaishia kuwa mafuta ya safari yake mwenyewe. Mizinga yangu miwili ilikuwa na afya, malkia wazuri, maji tele, na bado jiji chini yetu halikuwa na chakula cha kutosha karibu.

Nyuki akikosa maua hakai kulia njaa, anakwenda kwenye kitu chochote kitamu. Brooklyn mwaka 2010 wafugaji walikuta asali nyekundu, nyuki walikuwa wananyonya shira ya kiwanda cha cheri. Ribeauvillé, Ufaransa, mwaka 2012 ikatoka asali ya bluu na kijani kutokana na mabaki ya peremende za rangi yaliyokuwa yanasindikwa kuwa gesi. Watu wanazisimulia kama vioja, mimi nazisoma kama taarifa ya njaa.

Mwenye jengo na mizinga yake kumi

Tumerina. Fremu tulizochukua zilikuwa zimefunikwa kwa nta zaidi ya asilimia 80, nikapima maji yaliyomo kwenye asali kwa kipimo cha mwanga, yako chini ya asilimia 18, kiwango cha kimataifa hakitakiwi kuzidi 20. Tumechukua sanduku la juu tu kwenye kila mzinga, lililobaki ni lao la kuvukia kipindi kikavu.

Mwenye jengo kaonja na kama nilivyotegemea akarudi na ile hoja, sasa tuongeze, kumi, ishirini, jengo zuri la kijani, tunasaidia nyuki wasipotee. Nikamwambia mzee, naomba tukae. Nikamwonyesha zile karatasi za ngoma. Nikamwambia nyuki wa asali sio ndo wanaopotea, ni mfugo kama mfugo mwingine, wanaobanwa ni nyuki wa porini, duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, wengi wanaishi peke yao, kila jike na kishimo chake, na wengi wao hawawezi kuruka zaidi ya mita mia kadhaa. Mzinga wangu mmoja una nyuki elfu kadhaa wanaotoka kila siku. Maua yakiwa machache wangu wanakwenda kilomita tatu, yule mdogo wa peke yake hana pa kwenda. Utafiti uliofanywa Paris kati ya 2014 na 2016 uliona kwamba penye mizinga mingi zaidi karibu, wadudu wa porini walitembelea maua mara chache zaidi. Na Uswisi, kwenye majiji 14, mizinga ilipanda kutoka 3,139 mwaka 2012 hadi 9,370 mwaka 2018, huku bustani na miti haikuongezeka kwa kasi hiyo, watafiti wakasema wazi kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea.

Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Sasa hiyo hela ya mizinga tufanyie nini?" Nikamwambia tupande. Sio maua ya vyungu tu, miti, mti mmoja mkubwa ukichanua unatoa mbochi kuliko vyungu vyote vitakavyoenea kwenye hili paa. Na tuchague inayochanua kwa zamu, hasa kwenye yale mapengo ambapo ngoma zilirefuka, hilo jedwali ninalo tayari. Kona moja ya uwanja tuiache udongo mtupu bila saruji na bila nyasi, kwa sababu nyuki wengi wa porini wanachimba ardhini. Kakubali miti. Kona ya udongo kasema ataifikiria, anaona itaonekana kama hatufagii, nitamrudia.

Kinachofuata

Kuhesabu utitiri tena kabla kipindi kikavu hakijakolea. Kubadilisha mpira chini ya stendi ya kulia, umeanza kupasuka pembeni. Kupunguza milango ya mizinga iwe midogo ili wasiibiwe asali na nyuki wa mizinga mingine, wizi unazidi maua yakipungua. Kumbana mwenye jengo kuhusu kona ya udongo. Na naandika tarehe ya kila mti unaochanua ndani ya kilomita moja kutoka hapa, nikishapata mzunguko wa mwaka mzima naiweka hapa pamoja na vipimo vya ngoma, mwenye paa lake apime la kwake kwanza ndo aamue mizinga mingapi.